Tumehesabiwa mara nne tangu mafuriko, na bado hatuna pa kukaa. Tuanzie wapi?

KatibuWaMtoni (Nairobi)

Habari zenu wote. Mimi ni katibu wa chama cha akina mama 46 hapa Mathare, upande wa mtoni. Naandika nikiwa kwa dada yangu Kariobangi. Mimi na watoto wangu watatu tunalala sebuleni kwake tangu yale mafuriko ya Aprili 2024, na shemeji hajawahi kutusema, Mungu ambariki, lakini naona anavyokunja miguu akipita gizani kwenda kazini saa kumi alfajiri asituamshe.

Hali mnaikumbuka. Maji yaliingia usiku, watu wakapanda juu ya mabati na watoto mgongoni. Hata matope hayajakauka, tingatinga zikaja kubomoa kila kilichokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, futi kumi kwa kumi, kodi 2,500. Nimeishi humo miaka 11.

Kinachonikosesha usingizi ni hizi orodha. Tumehesabiwa mara nne. Wa kwanza waliandika wenye nyumba tu, sisi wapangaji tukaambiwa tungoje. Wa pili walipiga namba milangoni kwa rangi nyekundu. Wa tatu walipiga picha vitambulisho kwa simu. Wa nne walikuja na magodoro, wakaandika waliopata magodoro. Kila mmoja ana daftari lake na hakuna anayejua la mwenzake. Nilipokwenda ofisi moja kuulizia zile shilingi 10,000 serikali ilizozitangaza kwa waliobomolewa, karani alipekua karatasi zote, jina langu hakuna. La jirani yangu liko mara mbili.

Siku ya kubomolewa nilichomoa bati la mlango wangu kabla tingatinga halijafika. Lina namba 114. Mpaka leo liko nyuma ya mlango wa dada yangu, kwa sababu ndiyo karatasi pekee niliyo nayo kuonyesha kwamba niliishi mahali fulani.

Swali langu ni hili. Kaunti wapo, chifu yupo, makanisa yapo, mashirika yapo, watu wa nyumba za bei nafuu wapo. Tunawaketishaje meza moja? Kuna mahali hili limewahi kufanyika? Tafadhali msiniambie nijisajili Boma Yangu, ile tovuti ya serikali ya nyumba za bei nafuu, nilishajisajili, na chama kina akiba ya 312,000 benki. Ninatafuta njia ya kufika pamoja na wenzangu 45.

Njoroge_K

Pole dada. Lakini mbona msirudi ushago kwanza mjipange? Nairobi si lazima.

KatibuWaMtoni

Ndugu yangu, nilizaliwa Pumwani na kulelewa Mathare. Mama yangu pia alikulia hapa. Ushago ninaoujua mimi ni huu mto.

FundiHuruma

Mama, pole sana. Mimi nimekulia Huruma, kijiji kinachoitwa Kambi Moto, si mbali na kwenu. Jina hilo lilitokana na kuungua, maana moto ulikuwa mgeni wetu wa kila mara. Ardhi ilikuwa ya baraza la jiji, na kwenye ramani ilitengwa kwa kuegesha magari. Kwa hiyo usione aibu kuwa na bati tu. Sisi hata bati lenye namba hatukuwa nalo.

Nikujibu kwa neno moja: jihesabuni wenyewe kabla hamjamwita mtu yeyote.

Sisi tulianza hivyo. Muungano wa Wanavijiji, yaani umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, na shirika la Pamoja Trust walitufundisha, lakini waliobeba madaftari walikuwa mama zetu na vijana wa pale pale. Mlango kwa mlango: nani analala hapa, tangu lini, analipa nani kodi. Zikapatikana familia zipatazo 270. Kisha orodha ikabandikwa ukutani, kila mtu aisome, aseme huyu hakai hapa, huyu mmemsahau. Ugomvi ulikuwa mkali. Bora ulivyotokea pale ukutani, sisi kwa sisi. Ungetokea mbele ya watu wa jiji, wangefunga mafaili yao na kwenda zao.

Na ugomvi mkubwa ulikuwa huo huo wako wa mwenye nyumba na mpangaji. Kulikuwa na mzee mwenye vyumba tisa. Tisa! Alitegemea kodi ile kusomesha. Tulikaa mikutano mingi sana, mingine ikavunjika usiku watu hawasemezani. Mwishowe ikakubaliwa: kila familia nyumba moja, awe mwenye vyumba au mpangaji. Mzee alipoteza vyumba vinane, siwezi kukuficha hilo. Lakini alibaki na kimoja ambacho hakuna mtu angekuja kukibomoa, na mpangaji wake akawa jirani yake.

Ni baada ya hapo, mwaka 2003, ndipo baraza la jiji lilipotia sahihi makubaliano nasi. Kila mmoja akaleta alichokuwa nacho. Jiji lilitoa ardhi na kukubali viwanja vidogo kuliko sheria ya kawaida. Wanafunzi wa usanifu kutoka Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) na Chuo Kikuu cha Nairobi walileta michoro. Akiba Mashinani Trust, mfuko wa Muungano, ikaleta mkopo. Sisi tukaleta akiba ya kila siku, hata ya shilingi kumi, na mikono yetu.

Nikusimulie jambo moja ambalo silisahau. Kabla ya mchoro kupita, tulijenga nyumba ya nguo. Miti ilisimamishwa, vitambaa vikazungushwa kuwa kuta, kipimo kamili: mita 4.5 kwa mita 4.5. Mama yangu aliingia na kamba aliyokuwa amepimia kitanda chetu. Akailaza chini, ikapita pale ngazi ilipochorwa. Akatoka nje na kumwambia yule mwanafunzi, "Mwanangu, hii ngazi yako inalala na mimi." Mwanafunzi akapiga magoti, akaipima kamba, na ngazi ikahamishwa. Mama hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Siku ile alikuwa msanifu.

Nyumba zenyewe zinapanda juu. Unaanza na ya chini, jiko na choo vikiwa ndani, ukipata pesa unaongeza ghorofa. Zile za kwanza zilikuwa 34. Vipande vya sakafu za juu, tunaviita ladhi, tulivimimina wenyewe palepale mtaani, na kazi yangu nikiwa mvulana ilikuwa kuvimwagilia maji asubuhi na jioni visipasuke. Ndiko nilikojifunzia ufundi ninaolia ugali mpaka leo.

Kwa hiyo usimngoje mkubwa mmoja awaite wenzake. Kila ofisi inayo orodha yake na kila moja inaamini yake. Mkiwa na yenu ambayo watu wote 46 na majirani wao wameisoma ukutani, hizo nyingine nne zitalinganishwa na hiyo.

Reuben_Kijana

Fundi amesema kweli. Niongeze ya Mukuru, mtaa wa mabanda hapa hapa Nairobi, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa vijana waliopita nyumba kwa nyumba.

Agosti 2017 kaunti ilitangaza Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango, yaani eneo linalopangwa upya kwa utaratibu wake. Ni kaya zipatazo 100,000, huwezi kuzikalisha kwenye baraza moja. Tukapanga hivi: kaya kumi zina mwakilishi wao, hizo kumi zikikutana na nyingine zinakuwa mia, na kuendelea juu. Upande wa pili, mashirika zaidi ya 40 na vyuo vikuu waligawanywa kwa kazi: maji na vyoo, afya, elimu, sheria na ardhi, nyumba, fedha. Kila kikundi kilifanya kazi na idara yake ya kaunti. Shirika lililotaka kuja na daftari lake binafsi lilielekezwa kwenye kikundi chake. Hilo peke yake lilitupunguzia kuhesabiwa ovyo.

Tulipochapisha bei tunazolipa kwa maji ya mtungi na umeme wa kuunganishwa kienyeji, ikaonekana mtu wa Mukuru analipa zaidi kwa kila lita kuliko mtu wa mtaa wa kitajiri. Jambo hilo liliwafanya wakubwa wasikilize kuliko machozi yetu yote. Nanyi andikeni: mlilipa kodi kiasi gani, maji kiasi gani. Mkijumlisha milango yenu 46 kwa mwaka mtashangaa.

Lakini Mama, nisikuahidi mbingu. Mwishoni mwa 2021, mpango ukiwa umeshaandikwa, maelfu ya watu Kwa Njenga walibomolewa kupisha barabara. Nilimwona mwenzangu aliyekuwa akihesabu nami amekaa juu ya sofa katikati ya vifusi, mvua inanyesha. Kwa hiyo lolote mtakalokubaliana litiwe sahihi, na nakala zikae kwa watu kadhaa.

Jambo la vitendo: Katiba, kifungu cha 43, inataja haki ya makazi ya kutosha. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu mwananchi kuomba habari kwa maandishi, nao wanapaswa kujibu ndani ya siku 21. Andikeni kama chama, muombe kujua ni akina nani walioandikwa kwa zile 10,000 na kwa kigezo gani. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala mbaki nayo.

MtuWaChamazi (Dar es Salaam)

Shikamoo mama. Nasoma nikiwa Dar. Sisi tulitoka Kurasini bandari ilipopanuliwa. Kwenye fidia wenye nyumba walilipwa, wapangaji tukabaki na magunia yetu barabarani. Yaani hadithi yako naifahamu neno kwa neno.

Waliokuwa kwenye vikundi vya akiba vya shirikisho la watu wa mijini wenye kipato cha chini, wakisaidiwa na shirika la CCI, walinunua ekari 30 Chamazi. Manispaa ya Temeke ikakubali viwanja vidogo, Chuo Kikuu cha Ardhi kikasaidia upande wa michoro, na matofali ya kufungamana yakafyatuliwa palepale na wanachama. Mimi mwenyewe nimefyatua, mikono ilichubuka nikashindwa kushika kijiko.

Ninachotaka kukuambia ni nauli. Chamazi ni mbali. Mama yangu alikuwa akiuza samaki wa kukaanga karibu na bandari, anatembea kwa miguu. Tulipohamia huku, nauli ya kwenda na kurudi ilikula faida yote, akaacha. Ilimchukua muda mrefu kupata wateja wapya. Nyumba tunayo na tunashukuru. Ila mkioneshwa kiwanja, kabla hamjauliza bei ya ekari, piga hesabu ya nauli ya kila mama mpaka pale anapotafutia riziki. Iandikeni hiyo nayo.

KatibuWaMtoni

Nimesoma haya nikilia na watoto wananiuliza kuna nini. Asanteni sana, kaka zangu. Nimempigia mwenyekiti wetu. Jumamosi tunakutana kwenye uwanja wa kanisa baada ya misa ya asubuhi, na tumekubaliana wapangaji na wenye nyumba wote waitwe, hata yule aliyekuwa akinidai kodi ya mwezi wa mafuriko. Mmoja wetu ni mwalimu wa nasari, yeye ataandika, mwandiko wake unasomeka.

Kuna kitu kinanitatiza. Tumetawanyika. Wengine wako kwa ndugu kama mimi, familia sita bado ziko kwenye ukumbi wa kanisa, na kuna mama mmoja na wajukuu wawili wanaolala kwenye kibanda chake cha mboga, anafunga turubai usiku. Niwaandike pale walipokuwa au pale walipo sasa?

FundiHuruma

Andika kote kuwili, Mama. Safu ya kwanza namba ya mlango wa zamani, hiyo ndiyo haki yake. Safu ya pili pale anapolala usiku huu, hiyo ndiyo dharura yake. Ya kwanza mtaipeleka kaunti. Ya pili ipelekeni Jumatatu hiyo hiyo kwa kanisa na kwa wenye misaada, mkianza na huyo mama wa turubai, asingoje mambo ya ardhi.

Safu ya pili iandikeni kwa penseli, itakuwa ikibadilika.

Mimi Jumamosi sina kazi. Nitakuja na futi ya kupimia na vijana wawili. Nawe njoo na lile bati la 114, tulisimamishe mezani, liwe la kwanza kuandikwa.