Elimu ya kupata mtoto mtandaoni: nilipie darasa la WhatsApp au nisome mwenyewe?

BintiKatubuka: Habari za jioni wapendwa. Niko Kigoma mjini, natafuta mtoto. Kuna darasa la WhatsApp la mwezi mmoja, 45,000, mwalimu anajiita daktari. Jirani ananiambia nipakue programu ya kuhesabu siku, ni ya bure. Wifi yangu kaniletea kurasa za Uingereza, Kiingereza kigumu na bando langu la mawazo. Nifuate ipi? Ofa ya darasa inaisha kesho saa sita mchana.

Kipusa_Ujiji: Dada, umri? Mmetafuta muda gani? Mzunguko siku ngapi? Mume kapima? Umetuwekea bei tu kama uko sokoni.

NesiMstaafu_Tabora: Mdogo wangu, ofa za kuisha saa sita ni za vitenge. Mwombe huyo daktari jina lake kamili, kisha uliza kama yumo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Akijitetea kwamba yeye ni wa tiba asili, nao wana baraza lao. Akinuna, umeshajibiwa. Mimi niko na wifi yako: kurasa za NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, zinaandika tarehe zilipopitiwa mara ya mwisho, na haziuzi kopo. Kiingereza kikikushinda lete hapa.

MlaMigebuka: Programu inatosha jamani. Mke wangu aliitumia, tuna wawili.

Kipusa_Ujiji: Nyingi zinakisia tu, kaka. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake ni karibu na siku ya 21, programu ikimwambia ya 14 imempoteza.

MlaMigebuka: Wa kwangu ana 28. Nikamate.

AsaliYaSikonge: Ngoja niseme yangu. 2023 nilitafuta neno "mirija" mara moja tu, matangazo yakaniandama wiki nzima. Nikaangukia kwa mmoja mwenye wafuasi kibao. Akaniuliza: tumbo linauma ukiwa kwenye siku zako? Unachoka? Nani hachoki! Akasema mirija ya uzazi imeziba, PID sugu, yaani maambukizi ya via vya uzazi. Bila picha, bila kipimo. Nikatuma 180,000, ukaja na basi unga wa kahawia kwenye kopo lisilo na namba yoyote. Hedhi ikachelewa siku tisa. Nikamwambia mume, tukachinja kuku, mama mkwe akaitwa. Siku ya kumi damu, nzito, na maumivu ambayo sijawahi kuyaona. Kumwuliza yule bwana, "huo ni uchafu unatoka, ongeza kopo la pili". Baadaye tukaenda Mwanza, nikapigwa ile picha ya mirija ya kuwekewa dawa: yote miwili wazi! Mume naye akapimwa, mbegu chache. Miezi minane nakunywa unga kwa ugonjwa usio wangu. Na wale mapacha wa ushuhuda nikawakuta ukurasa mwingine wakitangaza maziwa ya kopo.

MlaMigebuka: Pole. Ila mngeanza na mawese, ya Kigoma halisi, siyo yaliyochakachuliwa.

AsaliYaSikonge: Mawese ni mboga. Mbegu haziongezwi na mchuzi.

MlaMigebuka: Nyie wa Tabora kila kitu asali, tumewanyamazia.

BintiKatubuka: Samahani, nilikuwa jikoni. Nina miaka 27, ndoa miezi 14, mzunguko 29 au 30. Mume hajapima, anasema yeye mzima. Ni mvuvi wa dagaa, wanavua kwa taa za karabai usiku wa giza, kambi iko kusini huko, anarudi mbalamwezi tu.

NesiMstaafu_Tabora: Hilo ndilo ungeanza nalo! Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wewe una 29 au 30. Mnakwenda sambamba. Siku zako za kushika mimba zikiangukia giza mara moja, zitaangukia giza miezi na miezi. Mbegu hukaa hai hadi siku 5, yai siku moja tu. Hesabu: akirudi unakuwa siku ya ngapi?

BintiKatubuka: Nimehesabu. Anafika nikiwa nakaribia hedhi, au niko nayo. Karibu kila mara.

Kipusa_Ujiji: Hakuna programu inayojua karabai.

MlaMigebuka: Sasa nakiri. Wa pili tulimpata serikali ilipofunga uvuvi ziwani 2024, miezi mitatu niko nyumbani.

Kipusa_Ujiji: Kumbe si programu, ni serikali!

AsaliYaSikonge: Na bado apime. Siku 2 hadi 7 bila tendo, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja.

MlaMigebuka: Apime nini wakati hawajakutana siku zenyewe? Abaki giza moja kwanza.

NesiMstaafu_Tabora: Vyote viwili. Kupima hakumzuii kubaki.

BintiKatubuka: Nimempigia. Ananiuliza, "Nikibaki giza, tule nini?" Mwenye mtumbwi anataka jibu Jumatatu.

AsaliYaSikonge: Angalau ya darasa hujatuma.

BintiKatubuka: Elfu 20 ya kushika nafasi nilishatuma jana.