Nini hasa kinafanya redio, kaseti au simu iitwe ya zamani?

mkunguni_amu:
Asalaam aleikum jamani. Nina suali linanikera. Mwanangu yuko sekondari, aniambia redio ni mambo ya kizamani, na huyo huyo kutwa waya masikioni asikiliza FM kwa simu. Nikimwambia hiyo ndiyo redio asema la, hii ni simu. Sasa kinachofanya chombo kiwe cha zamani ni mwaka kilipoundwa, ni umbo lake ama ni nani anakitumia? Hapa Amu (Lamu) mimi naona havieleweki. Mamangu sms haimpendezi lakini voisi noti atuma mpaka bando yaisha. Na ile siwa ya shaba, lile baragumu kubwa, pale makumbusho watu wapita waipiga picha kama pambo, kumbe kilikuwa chombo cha habari kile, ikipulizwa mji wote wajua kuna jambo kubwa.

fundi_maweni:
Waaleikum salaam. Mimi ni fundi wa redio na tivi hapa Malindi. Mwaka wa kuundwa usiutie maanani sana. Faksi, ile mashine ya kutuma nakala ya karatasi kwa waya, Alexander Bain wa Uskoti aliisajili 1843, simu ya Bell ni 1876, yaani faksi ni mkubwa wa simu kwa miaka 33, lakini maofisi mengi yaliipokea kama kitu kipya miaka ya 80. Kaseti nayo Philips waliitoa 1963 na wengi huku waihesabu ya miaka ya 80 kwa sababu ndipo ilipoingia majumbani mwao. Mtu huhesabu toka siku kitu kilipomfikia yeye.

bint_shela:
Fundi umesema kweli ila umesahau matumizi. Hiyo voisi noti ya mamake si jambo geni kwake hata kidogo. Watu wetu walipokwenda kufanya kazi Uarabuni barua zilikuwa za kaseti, mtu akaa chini asalimia mmoja mmoja kwa jina, watoto wavutwa waseme neno, jirani naye apitisha salamu zake, halafu kaseti yapewa msafiri. Leo ni sauti ile ile na salamu zile zile, kilichobadilika ni kuwa jibu huja kabla chai haijapoa. Ndio maana wazee wameishika upesi kuliko sms, nami nafurahi sana kwa hilo, kuna mama wengi walikuwa wakisomewa barua zao na watu wengine, siri zote nje.

wa_ngomeni:
Na setilaiti mtaiweka wapi? Huku kwetu ukifunga dishi watu wasema umekuwa wa kisasa, na Wataliano walirusha setilaiti hapa hapa baharini Ngomeni toka 1967! Ile iliyoitwa Uhuru iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya uhuru, ikaenda kutafuta miale ya eksirei angani. Wavuvi wetu waliishi na roketi kabla nyumba nyingi hazijaona tivi.
Halafu kuna uzee wa kulazimishwa, huo ndio unaoniuma mimi. 2015 hapa Kenya mitambo ya analojia, ile ya zamani ya kurusha tivi, ilipozimwa, tivi ilikuwa nzima, picha safi, asubuhi yake haionyeshi kitu mpaka ununue king'amuzi. Haikuchoka ile, ilizeeshwa, na aliyelipa ni mwananchi.

fundi_maweni:
Hapo umenigusa. Mimi kwa kazi yangu naangalia spea. Deki za video, kampuni ya Funai ya Japani iliacha kuziunda 2016, toka hapo nachinja deki moja kuponya nyingine. Lakini santuri zilizohesabiwa zimekufa, Marekani 2020 mauzo yake yalizidi ya CD kwa pesa, haijatokea hivyo toka miaka ya 80. Kwa hiyo mwambie kijana asizike kitu mapema.

bint_shela:
Fundi, nyumbani tuna kaseti za marehemu babu, ni hizo hizo za barua. Zaweza kuhamishwa?

fundi_maweni:
Zaweza dadangu. Ila usizijaribu kwa redio kaseti iliyolala miaka, mpira wake ukilegea sauti yavutika, na rola ikiwa chafu yaumeza utepe. Zitoe karibu na sipika, mna sumaku mle. Mimi nasafisha hedi, kile kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti kwanza, nazungusha kaseti mbele na nyuma ilegee, ndio narikodi kwa kompyuta halafu nakutilia kwa flashi. Kaseti zenyewe usitupe, flashi hufa bila kuaga.

mkunguni_amu:
Fundi niwekee nafasi na mimi, kuna mfuko mzima chini ya kitanda cha mama.