Bushi ya kubana: nailoni au asetali kwa pwani yetu ya Tanga?

Ndugu mafundi, mwenzetu ameandika kwamba nailoni inatosha kwa kila bushi, ile pete ndefu inayovaa shafti au bomba, na anayeshauri asetali, plastiki nyingine ngumu, anamtia mteja hasara. Bushi ya kuzungukia shafti sina ugomvi nayo. Ila ile ya kubana, yenye mpasuo, ukilegeza boliti bomba linateleza na ukikaza linashika, hapo napinga.

Nailoni inakunywa maji. Nailoni 6 ikilowekwa muda mrefu hufyonza takriban asilimia 9 ya uzito wake. Asetali haifiki asilimia 1. Na ikishakunywa, inavimba na kulainika. Niliwahi kukereza ya nailoni kwa bomba linalobeba taa za kuvulia dagaa kwenye mashua. Mwezi wa pili tangu kuifunga, ukilegeza boliti bomba lilipanda na kushuka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Mwezi wa tano mwenye chombo alinirudia pale Deep Sea, kwenye mwalo wa samaki: mpasuo umefumba, bomba halitoki. Nje bushi ilikamatwa na chuma, ikakosa pa kutanukia ila ndani. Tuliitoa kwa patasi, vipande vipande. Ile hasara nani alimtia?

Wanaosifu nailoni kwa joto na kwa kugongwa wana haki yao. Nailoni 6 huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi, asetali kwenye 170 tu. Karibu na injini nami nitaweka nailoni. Tefloni sitaki hata kuisikia kwenye kazi hii, maana ikibanwa inatambaa, yaani inasogea na kukonda polepole, na boliti inabaki haina cha kushika. Asetali nayo hutambaa, kidogo kidogo, kwa hiyo weka washa ya springi na umwambie mteja akaze upya baada ya wiki.

Kinachoniumiza zaidi ni madukani, kila gongo jeupe linaitwa nailoni. Mimi niliuziwa hivyo mara mbili. Pimeni, jamani! Gongo la kipenyo cha milimita 50 na urefu wa milimita 100 likiwa nailoni lina gramu 224 hivi, likiwa asetali karibu 277. Mizani ya muuza mchele inatosha. Likielea majini, hilo huenda ni polithini, ila si nailoni wala asetali.

Aliyeweka nailoni kwenye maji ya chumvi ikavuka masika bila kufumba, alete vipimo: kipenyo cha tundu siku ya kwanza, na cha leo.