Bakuli la chai la Shigaraki: upande mmoja kioo, upande wa pili udongo mtupu. Nimepigwa?

MpigaRangi_Nagoya
Wakuu habari za jioni. Niko Japani, Nagoya, kazi yangu kupuliza rangi magari. Juzi nilienda kutembea Shigaraki, kule milimani mkoa wa Shiga, nikajikuta nimenunua bakuli la matcha, ile chai ya kijani ya unga, kwa yen 18,000. Muuzaji anaapa halikupakwa kitu, eti ile rangi ni majivu ya kuni yaliyoliangukia lenyewe tanurini.

Sasa jicho langu la kazi linagoma. Upande mmoja una kioo kizito cha kijani, kimechuruzika, tena kimechuruzika kwenda ubavuni, si kwenda chini. Upande wa pili ni udongo mkavu wenye wekundu wa machungwa, una vijiwe vyeupe vimetokeza, ukipitisha kidole unakwaruza. Gari likitoka hivyo mkononi mwangu mwenye mali hanilipi. Ninayeishi naye kacheka sana, anasema nimeuziwa la kutupwa. Na nikilimwagia maji, nje linapiga weusi.

Majivu yanageukaje kioo? Nitajuaje kama halikupulizwa kwa kompresa? Na linanywewa, au ni pambo la kabatini?

ZamuYaUsiku
Kaka, hujapigwa. Mwache acheke, ila bakuli asiliguse.

Niko hapahapa Shigaraki. Ukoo wa mume wangu ni wafinyanzi, na tanuru likiwashwa mimi napewa zamu ya kulisha kuni usiku, kwa hiyo nakueleza ninachokiona. Tanuru hilo wanaliita anagama. Ni handaki moja limepanda mteremko wa kilima, moto mdomoni, moshi unatokea kileleni, na hakuna ukuta unaotenga moto na vyombo. Ufundi wake uliingia Japani kutoka Korea karne ya 5. Tunachoma msonobari mwekundu uliopasuliwa ukakauka. Joto likishapanda unatupia vipande kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, siku kadhaa mfululizo. Ukisinzia joto linaporomoka. Ukitupia nyingi kwa pupa moto unakosa hewa, ndimi zinatoka hata kwenye matundu ya kuchungulia, na nyusi zako zinajua.

Mwali unabeba majivu na kuyabwaga pale unapogonga. Majivu ya kuni yana chokaa na potasi, udongo una silika (madini ya mchanga) na alumina (madini ya mfinyanzi). Silika peke yake haiyeyuki kwa joto letu, lakini ikikaliwa na majivu kwenye nyuzi 1,250 na zaidi, chokaa na potasi vinaivunja nguvu, vyote vinakuwa kimiminika kimoja. Kikipoa ni kioo. Ukijani unatokana na chuma kidogo kilichomo, kikichomwa na moto wenye njaa ya hewa. Basi upande wako wa kijani ndio uliotazama mdomo wa tanuru. Ule mwekundu ulikuwa umeupa moto mgongo, ukapata joto na mvuke tu. Huku wekundu huo unasakwa kuliko hata kioo. Vijiwe vyeupe ni felspa, aina ya madini ya mawe, udongo wa huku ndivyo ulivyo, ni tope lililotuama chini ya Ziwa Biwa lilipokuwa bado linahamahama enzi za kale.

Lakini kilichoniinua kitandani kuandika ni huo mchuruziko wa ubavuni. Geuza upande mkavu, angalia kama kuna alama mbili tatu zenye mistari iliyotawanyika mfano wa feni. Kama zipo, bakuli lako lilichomwa limelala! Linalazwa ubavu juu ya makombe ya baharini yaliyojazwa udongo, ili kioo kikitiririka lisigandie rafu. Kombe likiungua linakuwa chokaa, ukililowesha linamumunyuka, chombo kinabanduka. Kwa hiyo kioo kilikuwa kinateremka chini kama kawaida. Chini yake ilikuwa ubavu.

Mwanafunzi_wa_Chai
Dada kamaliza, naongeza kidogo. Si kila kijani ni cha kuangukia. Wapo wanaochekecha majivu kwa chujio juu ya bakuli kabla halijaingia tanurini, wapo wanaoyachanganya na maji na udongo wakapaka, halafu wanachoma kwa gesi. Si dhambi, mradi muuzaji aseme. La kupakwa kwa kawaida lina kingo zinazojulikana na unene unaokwenda sawasawa pande zote. La asili limeelemea upande mmoja, linafifia taratibu na kuishia kwenye vidoadoa, na ndani dimbwi la kioo mara nyingi halikai katikati. Wewe mtu wa rangi utaona haraka kuliko sisi.

Hapa Kyoto ninapojifunza chai, wakubwa wana kauli yao ya kupanga aina za mabakuli: kwanza Raku, pili Hagi, tatu Karatsu. Shigaraki haimo. Ilianza na mitungi ya wakulima ya kuwekea mbegu, ndipo watu wa chai wakaitamani. Murata Jukō (1423–1502), bingwa wa chai wa zamani, alimwandikia mwanafunzi wake barua akiwasema wanagenzi wanaokimbilia vyombo vya Bizen na Shigaraki wajionyeshe wamekomaa. Ndiyo hivyo, kujishaua kwa bakuli chakavu kuna miaka zaidi ya 500. Mimi bado nalipenda kuliko Raku, na mwalimu wangu analijua hilo na halimfurahishi.

ZamuYaUsiku
Kuhusu kunywea: linanywewa. Huo weusi ni udongo unavuta maji, mtungi wa nyumbani si unatoka jasho? Kabla ya kutia chai liloweke kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, likishashiba maji, chai haizami sana. Sabuni usitie, inabaki ndani ya udongo na utainywa kesho. Suuza kwa maji ya moto, liache mahali penye hewa hadi likauke kabisa ndipo ulirudishe kwenye sanduku, vinginevyo litaota ukungu. Likivuja hadi kulowesha meza, lichemshe taratibu kwenye maji ya kuoshea mchele, ule wanga unaziba.

Papasa na kitako cha ndani. Kama kinakwaruza, brashi ya mwanzi ya kupigia povu itakatika ncha.

MpigaRangi_Nagoya
Alama zipo! Tatu, na moja ina unga mweupe umeng'ang'ania. Nimempelekea jamaa picha, kajibu "sawa". Ndani ni laini. Ila nyayo ya bakuli, yaani ule mguu wa chini linalokalia, imechora meza ya mwenye nyumba. Na je, nanywea upande gani, wa kijani?

Mwanafunzi_wa_Chai
Anayekuandalia anakugeuzia uso mzuri ukuelekee. Wewe unalizungusha kidogo ili usiweke mdomo pale usoni, ndiyo heshima. Ukiwa peke yako kunywa popote pasipokuchoma mdomo.

ZamuYaUsiku
Nyayo sugua kwa msasa wa maji, kila mfinyanzi wa kuni anafanya. Huyu wako kasahau.

MpigaRangi_Nagoya
Msasa wa maji? Hapo umegusa penyewe, ninao wa kila namba.

ZamuYaUsiku
Anza na 400, malizia 800. Nyayo tu, kaka. Ukikipiga polishi kile kioo nakuripoti kwa wasimamizi.