Namaliza shahada ya sheria, nataka uzamili wa Kichina: niende sasa au nisubiri uwakili?

Binti wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo mwaka wa mwisho wa Sheria na Sharia hapo Tunguu, kwetu ni Wete, Jadida. Tangu mwaka wa pili nasoma Kichina jioni na nimeshafaulu HSK 3, yaani daraja la tatu la mtihani wa Kichina kwa wageni. Nikimaliza nataka kuomba nafasi ya uzamili China, lakini wa lugha na utamaduni wao. Nia yangu nirudi nifanye kazi ya sheria huku mikataba ya Kichina naisoma kwa macho yangu mwenyewe.

Sababu yangu ni ya nyumbani. Mjomba wangu hununua majongoo bahari kwa wavuvi wa Kojani na Micheweni, huyakausha na kuwauzia wanunuzi wa Kichina. Mnunuzi mmoja alimpa arbuni, yaani fedha ya kushikilia mzigo kabla ya malipo kamili, mzigo ukachelewa kwa sababu kusi ilikaza na watu hawakupiga mbizi. Yule bwana akadai arudishiwe mara mbili ya alichotoa. Karatasi ilikuwa na kurasa kadhaa za Kichina na ukurasa mmoja wa Kiingereza, na huo wa Kiingereza haukutaja marejesho ya aina yoyote. Mjomba akaniletea mimi, mwanasheria wa familia. Nilitambua tarehe, bei na uzito. Kipengele kilichokuwa kinamuumiza sikuweza kukisoma. Walikwenda wakazungumza, mjomba akalipa kingi kuliko alichopokea, na mtaji wa msimu ukayumba.

Sasa nataka ushauri wa wenye kujua. Je, LLM, yaani uzamili wa sheria, ya sheria ya China inayofundishwa kwa Kiingereza haitanitosha? Uwakili niumalize kwanza au nikirudi? Na mama anauliza juu ya chakula, Ramadhani, na binti kukaa peke yake nchi ya mbali. Nataka nimjibu kwa kitu cha kweli.

Darajani

Mdogo wangu, hongera kwa HSK 3, si kazi ndogo. Lakini mimi ni wakala wa forodha pale Malindi na Wachina nawaona kila wiki. Kampuni zao zinakuja na wakalimani wao, na siku hizi vijana wetu wengi wamejifunza. Simu nayo inatafsiri. Miaka mitatu ya kujifunza herufi ungeitumia kwa uzamili wa kodi au wa sheria ya bahari, ambao hapa una soko. Kichina ukibakishe kwa mazungumzo.

Bi Wakili

Binti wa Wete, mwanangu, njia unayoiulizia nimeipita. Nilisoma sheria, nikenda Nanjing kwa mwaka wa lugha na kisha uzamili wa lugha na utamaduni. Sasa nina ofisi Mlandege, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mikataba baina ya watu wetu na Wachina.

Nianze na la mjomba wako, kwa sababu humo mna jibu la nusu ya maswali yako. Yule mnunuzi hakulizua dai lake. China wana Sheria ya Kiraia, moja kubwa yenye vifungu 1,260, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Kifungu cha 587 kinasema aliyetoa arbuni akivunja mkataba, arbuni yake imekwenda. Aliyeipokea akivunja yeye, anarudisha mara mbili. Lakini kifungu kilicho kabla yake, cha 586, kinasema arbuni isizidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba, na kilichozidi hapo hakina nguvu ya arbuni. Kwa hiyo mtu anayesoma angeuliza mambo mawili kabla ya shilingi kutoka mfukoni: mkataba huu unatawaliwa na sheria ya nchi gani, na arbuni ile ilikuwa asilimia ngapi ya mzigo? Inawezekana kabisa mjomba alilipa zaidi ya alivyowajibika hata kwa sheria ya wenyewe Wachina. Hoja ya kusi isingemsaidia sana. Kusi huja kila mwaka, na mfanyabiashara wa pwani hawezi kusimama mbele ya mtu akasema hakuitarajia.

Sasa jiangalie wewe ulipo. Tunguu umesomeshwa kwamba Mashafii wanaikataa bei ya arbuni, ile ambayo muuzaji anabaki na fedha mnunuzi akighairi, na Mahanbali wanaikubali. Umesoma pia sheria yetu ya mikataba, ambayo asili yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Ukiongeza na hiyo ya China, unaweza kulikamata jambo moja la arbuni kwa mizani tatu. Hapa visiwani wenye mizani zote hizo tunahesabika. Ukitafuta mada ya tasnifu, ndiyo hiyo, na itamfaa kila muuza mwani na muuza majongoo kutoka Mkoani mpaka Nungwi.

Ndugu Darajani amesema kweli kwamba wakalimani wapo. Lakini mkalimani ni wa anayemlipa. Hadanganyi, ila hana wajibu wa kumwambia mjomba wako "ngoja, hapa pana kitu". Mwenye wajibu huo ni wakili wake. Na simu inakupa maneno ya kifungu. Haikwambii kwamba kifungu kingine, kisichoandikwa mkatabani, kinakulinda.

LLM za Kiingereza zipo na nyengine ni nzuri sana. Tsinghua wanayo. Yenching Academy ya Chuo Kikuu cha Peking wana uzamili wa masomo ya China unaofundishwa kwa Kiingereza, una mkondo wa sheria na jamii, na wanaochaguliwa hulipiwa. Ukiupata huo nenda, na usome lugha kwa bidii ile ile. Ila niliokuwa nao kule waliosoma kila kitu kwa Kiingereza walirudi wanaijua sheria ya China vyema na bado wanasubiri tafsiri ya mtu mwengine. Kwa lengo ulilolieleza wewe, lugha ndiyo itangulie. Programu zinazofundishwa kwa Kichina kwa kawaida zinataka HSK 5. Udhamini wa serikali ya China unaweza kukupa mwaka wa lugha kabla ya masomo yenyewe, na umri wa mwisho kwa uzamili ni miaka 35. Una nafasi ya kutosha.

Na utamaduni usiuone kama pambo la cheti. Confucius, mwanafalsafa wao wa kale, alisema kusikiliza mashauri ya mahakamani anaweza kama mtu mwengine, lakini bora mashauri yasiwepo. Utaliona hilo likiishi mpaka leo: wana sheria nzima ya usuluhishi wa wananchi, ya mwaka 2010, na ofisi za kusuluhisha hadi mitaani. Mteja wangu akipata mgogoro na Mchina, barua ya kwanza siandiki ya vitisho. Naomba kikao, naleta mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote, kama tunavyofanya sulhu kwetu. Mara nyingi yanakwisha hapo. Jambo jengine ni muhuri. Mkataba wa kampuni ya Kichina ukinifikia, kabla ya kusoma kifungu cha kwanza natazama muhuri mwekundu: jina lililomo ni la kampuni ile ile iliyotajwa juu, au ni la kampuni ndugu? Kisha nauliza mwakilishi wao wa kisheria aliyesajiliwa ni nani, maana si kila anayekaa meza ya mbele na kadi nzuri anaweza kuifunga kampuni.

Uwakili umalize kwanza, na hapa nakusihi. Mtihani wa taifa wa sheria wa China ni kwa raia wao. Mgeni hata akisoma kule miaka kumi hawi wakili wa China. Joho lako utalipata hapa, mbele ya Jaji Mkuu wa Zanzibar, si kwengine. Ukirudi na Kichina bila uwakili, watu watakuita kutafsiri, watakulipa ujira wa kutafsiri, na mezani utakaa pembeni.

Mama mwambie hivi. Nanjing kuna msikiti wa Jingjue, wa zamani mno, na Wahui, ambao ni Waislamu wa Kichina, wana mikahawa ya tambi za nyama ya ng'ombe halali karibu kila mtaa wa wanafunzi. Ramadhani tulifuturu pamoja Wazanzibari, Wasudani na Wahui, kila mtu na chungu chake. Upweke upo, sitakuficha, khasa majira ya baridi. Lakini sikukosa chakula wala pahala pa kusali.

Maalim wa Chake

Nimefurahi kusoma haya. Naongeza kwa ajili ya binti yetu, kwa kuwa naona mazungumzo yamelemea kwenye mikataba. Mwanangu, ukisoma utamaduni wao usome pia habari zetu zilizomo ndani yake. Kajengwa, kule Makunduchi, mwaka 1945 zilifukuliwa sarafu za Kichina, nyingi za enzi ya Song. Zheng He, aliyezileta merikebu za enzi ya Ming mpaka mwambao huu, alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu, na kaburi lake la kumbukumbu lipo hapo hapo Nanjing. Mtu anayejua haya akikaa na Mchina anaanza mazungumzo akiwa na la kusema, haanzi na bei.

La pili, mazoezi unayo karibu. Madaktari wa Kichina wako visiwani tangu 1964, wanatoka jimbo la Jiangsu, na Mkoani wapo katika hospitali ya Abdulla Mzee. Nina wanafunzi wangu wawili wanaokwenda kuwasalimia jumamosi wanapokuwa hawana zamu. Wao wanataka Kiswahili na vijana wanataka Kichina. Ukija Pemba likizo, nenda kwa adabu, uombe ruhusa ya uongozi, na uende na mwenzio.

Darajani

Bi Wakili, hilo la asilimia 20 sikulijua, na nina wateja wawili nitawapigia leo. Lakini niulize jambo la tumbo, kwa faida ya binti: kazi hizo zinalipa? Wauza majongoo na mwani si watu wa kulipa wakili.

Bi Wakili

Ndugu yangu, mmoja mmoja hawalipi, ni kweli. Wanaolipa ni wenye hoteli, wakandarasi na waagizaji wa bidhaa wa Mlandege na Darajani. Hao ndio wanaoendesha ofisi, na ndio wanaoniwezesha kumsomea mwanamke wa Micheweni karatasi yake bila kumtoza. Ushirika wa wakulima wa mwani nao wakijipanga wanaweza kumlipa wakili mmoja kwa mwaka. Nimeanza kuzungumza na vikundi viwili kuhusu hilo. Mwaka wa kwanza baada ya kurudi nilitegemea sana kazi za kutafsiri vyeti na hati, kwa hiyo binti ajue kwamba mwanzo ni mzito.

Binti wa Wete

Ahsanteni sana, Allah awalipe. Nimemsomea mama kipande cha msikiti na tambi, akaniuliza kama Wahui nao wanakula na mikono. Nimeamua: uwakili kwanza. Lakini naogopa Kichina kitapotea katika kipindi cha mafunzo, maana siku nzima nitakuwa mahakamani. Nikishike vipi?

Bi Wakili

Kila usiku kifungu kimoja tu. Sheria yao ya Kiraia ina vitabu saba. Kitabu cha tatu ni cha mikataba, anza nacho. Kiandike kifungu kwa mkono, kisome kwa sauti, kisha andika kwa Kiswahili chako kinasema nini, kama unavyomweleza mteja asiyesoma sheria. Ukifika vifungu vya mauzo utaona maneno yanajirudia na kasi inapanda. Baadaye ingia kitabu cha sita, cha mirathi, ukilinganishe na mirathi ya Kiislamu uliyosoma. Hicho kitakuvutia kuliko unavyodhani.

HSK 4 ifanye ndani ya kipindi hicho hicho, usingoje umalize. Na vyeti vyako anza kuvishughulikia mapema: maombi ya udhamini huwa baina ya Januari na Aprili, na kugonga mihuri ya uthibitisho kunakula wiki nyingi. Ulizia ubalozi mdogo wa China hapa Unguja wanataka nini kwa mwaka huo, kwa sababu masharti hubadilika. Kabla hujachagua chuo, waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa ukirudi nayo. Nimemwona mtu amerudi na cheti kizuri akakaa muda mrefu bila ajira kwa kungoja jibu hilo.

Barua ya maombi ukiiandika, nitumie niisome kabla hujaipeleka.