Challenger 1986: wahandisi walijua, wakaenda kulala. Tuwaite mashujaa?

Mchambuzi Huru: Wakuu salaam. Kila ikifika Januari 28 tunasimuliwa ushujaa wa wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza maroketi yake ya pembeni, kwamba usiku wa kuamkia safari walipinga Challenger, chombo cha anga cha NASA, shirika la anga la Marekani, kisirushwe kwenye baridi kali. Sawa, walipinga. Mhandisi mmoja, Boisjoly, aliwaka kweli. Mabosi wakajitenga, mmoja akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja, wakarudi kwenye simu na NASA: rusheni. Kesho yake Boisjoly yuko Utah anatazama kwenye televisheni. Sekunde 73 tu kikasambaratika, watu saba wakafa. Aliyejua akaenda kulala ana tofauti gani na aliyesaini? Halafu walipakia na mwalimu wa maarifa ya jamii, sijui akafundishe nini huko juu.

Ticha Kilosa: "Sijui akafundishe nini." Wewe a-e-i-o-u ulifundishwa na rubani? Christa McAuliffe alichaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000. Alikuwa na vipindi viwili vya kufundisha mubashara kutoka angani. Ikitajwa kada yetu tu, dharau.

Fundi Makambako: Niseme la mpira. Yale maroketi ya pembeni yaliungwa vipande vipande, na kila ungio lina oringi mbili, yaani pete za mpira, za kuzuia gesi ya moto isipenye. Mpira ukipigwa baridi unakakamaa, hata huku kwetu Juni tunaona. Asubuhi ile Florida ilikuwa kama nyuzi 2, barafu imening'inia kwenye mnara. Safari ya baridi kuliko zote kabla ya hapo ilikuwa nyuzi 12 hivi. Mwanafizikia Feynman alichovya kipande cha oringi kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya tume ya uchunguzi, basi, kesi ikaeleweka.

Kibosile: Fundi umechanganya madesa. Ni kipande cha povu la tangi la mafuta kiligonga bawa, wakaungua wakati wa kurudi.

Fundi Makambako: Hiyo ni Columbia, chombo kingine, 2003. Na hapo pia wahandisi waliomba bawa lipigwe picha likiwa angani, wakubwa wakakataa.

Mchambuzi Huru: Ticha, punguza jazba. Nimesema alipakiwa kwa ajili ya kamera. Reagan alitangaza mpango wa mwalimu Agosti 1984, mwaka wa uchaguzi. Jumlisha mwenyewe.

Ticha Kilosa: Barbara Morgan alikuwa mbadala wake. Alisubiri mpaka 2007 ndipo akaruka na chombo cha Endeavour. Uchaguzi gani huo wa miaka 21?

Bi Mkubwa: Wanangu, mnagombania mwalimu, marehemu wengine sita hamna habari nao. Na inaelekea hawakufa wote palepale kama tulivyoaminishwa. Chumba chao kilibaki kizima kikaporomoka hadi baharini zaidi ya dakika mbili. Vifaa vinne vya hewa vilipatikana, vitatu vilikuwa vimewashwa. Kuna mtu aliviwasha.

Kibosile: Mambo ya Wamarekani hayo. Sisi Waafrika roketi tunaziona kwenye TV.

Mswahili wa Ngomeni: Sema wewe na kwenu. Hapa Ngomeni, Malindi, setilaiti Uhuru ilirushwa baharini kwetu tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikaenda kupima eksirei za nyota. Babu zetu waliona kwa macho, si kwa TV.

Kibosile: Roketi ya Mmarekani, warushaji Waitaliano. Kenya ilitoa nini, bahari?

Mswahili wa Ngomeni: Na jina. Nyinyi mlitoa nini?

Msoma Ripoti: Kabla hamjafika Nairobi na Dodoma, mleta mada kapotosha. Si wote walionyamaza. Allan McDonald ndiye alikuwa mkubwa wa Thiokol pale Florida, na alikataa kusaini. Saini ilitoka Utah kwa faksi. Tume ilipokaa, akasimama akasema yaliyofichwa. Kazini wakamshusha cheo, Bunge likaingilia, mwisho yeye huyohuyo akasimamia kuundwa upya kwa maungio. Anayemweka kapu moja na waliosaini ni mvivu wa kusoma.

Mchambuzi Huru: Mvivu ni nani? Mimi nimeanzisha uzi, wewe umekuja na lugha za kijiweni. Jibu hoja, matusi peleka kwenu.

Msoma Ripoti: Hoja nimejibu. Umeona "mvivu" tu.

Ticha Kilosa: Hajaona. Huyo alikuwa anakaa nyuma, karibu na dirisha.

Bi Mkubwa: Ticha nawe!

Fundi Makambako: Waliporudi kuruka Septemba 1988, kila ungio lilikuwa na oringi ya tatu na hita ya kuzuia baridi. Watu saba ndiyo bei ya hita.

Kibosile: Fundi, sili za krenki za Noah unazo? Njoo inboksi.