Corolla ya mwaka 1998 imekataliwa kwenye kipimo cha moshi: nianzie wapi?

Dereva wa Lindi
Ndugu zangu, habari za jioni. Nina Corolla ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A, ambayo nataka kuikodisha kwa kampuni inayodai kila gari lipimwe moshi kabla ya kuingia kwenye eneo lake la kazi. Ilipimwa wiki iliyopita ikakataliwa: kaboni monoksidi ilikuwa asilimia 2.8 ilhali kikomo chao ni 0.5, haidrokaboni (petroli isiyoungua) 190, na lambda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na petroli ambacho hutakiwa kuwa karibu na 1, ilikuwa 0.92. Plagi na kichujio cha hewa ni vipya. Gereji moja imenishauri ninunue masega mapya ya ekzosi (kile kifaa kinachosafisha moshi), na bei yake ni kubwa mno kwangu, kwa hiyo naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

Fundi wa Mikindani
Kaka, masega yasubiri kwanza. Kaboni monoksidi hutokana na mafuta yaliyoungua nusunusu kwa kukosa hewa, na lambda iliyo chini ya 1 inathibitisha kwamba injini inapewa petroli kupita kiasi. Kama plagi zingekuwa hazichomi, haidrokaboni ndiyo ingepanda sana. Masega, hata yawe mapya, hayawezi kusafisha gesi hiyo pasipo oksijeni ya kutosha. Mshale wa joto unafika wapi ukiwa safarini?

Dereva wa Lindi
Unaishia robo. Hata nikitoka Lindi mjini hadi Mingoyo haufiki katikati.

Fundi wa Mikindani
Basi nina shaka kubwa na thamostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Huku kwetu pwani mafundi wengi huing'oa wakiamini kwamba wanaiokoa injini na joto, jambo ambalo nimelipinga miaka yote, kwa sababu sensa ya joto la maji huiarifu kontrolboksi (kompyuta ya injini) kwamba injini bado ni ya baridi, nayo huendelea kuongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Funga thamostati inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kisha upime tena.

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Naomba niongeze jambo moja. Chumvi ya bahari hula ekzosi zetu, na tundu likitokea kabla ya sensa ya oksijeni (inayopima hewa iliyobaki kwenye moshi), hewa ya nje huvutwa ndani, sensa ikadhani petroli ni pungufu, na kontrolboksi ikaongeza zaidi. Kagua injini ikiwa ya baridi: mwenzako azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene huku wewe ukisikiliza mvujo kwenye maungio.

Dereva wa Lindi
Nawashukuru sana. Thamostati haikuwemo kabisa. Baada ya kuifunga, kaboni monoksidi ilishuka hadi 0.9, ndipo tukatafuta mvujo na kukuta ungio la mbele limeoza kwa kutu. Limechomelewa jana. Leo asubuhi kipimo kimesoma 0.3 na lambda 1.00, na masega ni yaleyale ya zamani.